Akiba Haiozi: Historia Fupi ya Vifurushi vya Simu

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wakifikiria mahindi ghalani, na hata hapo mkulima yeyote anayewajua fukusi atakuambia methali hii ina masharti yake: nafaka ikauke vizuri, ghala liinuliwe, panya wazuiwe. Akiba haiozi ikitunzwa. Nataka kuipeleka methali hiyo mahali ambapo wahenga hawakufika, yaani ndani ya simu, niulize: programu unayoitumia leo, ikiondolewa dukani kesho, nani atakuwa na nakala yake?

Utasema hilo ni swali la mafundi. Si lao peke yao. Barua, hesabu za chama, sauti za waliotangulia, vyote siku hizi vinakaa ndani ya programu, na baadhi ya programu huandika mambo kwa mwandiko ambao zenyewe tu ndizo zinaoweza kuusoma. Programu ikipotea, maandishi yapo lakini hayasomeki. Ni kama kurithi kasha lililofungwa na ufunguo umezikwa na mwenyewe.

Neno lenyewe kwanza. Ukisema kifurushi Tanzania, mtu anafikiri unamtaka bando la intaneti. Huku kwetu bando ni bando, kwa hivyo neno kifurushi nitalitumia kwa maana yake ya zamani: vitu vilivyofungwa pamoja ili visafiri.

Kilichomo ndani ya kifurushi

Agosti 1993, mwanafunzi mmoja nchini Marekani, Ian Murdock, alitangaza mradi wa kukusanya mfumo kamili wa Linux utakaotunzwa na watu wa kujitolea. Aliuita Debian, akiunga jina la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe. Kutoka kwa mradi huo tukapata faili zinazoishia na herufi deb.

Ukiifungua faili ya deb, hakuna uchawi. Ni bahasha yenye vitu vitatu. Kuna karatasi ndogo inayotaja toleo la bahasha. Kuna fungu la maelezo: jina la programu, toleo lake, nani anaitunza, na orodha ya vitu vingine inavyovitegemea. Halafu kuna mzigo wenyewe, faili zote zikiwa zimepangwa mahali zitakapokaa. Bahasha hii hufunguliwa kwa zana za kale za Unix ambazo hadi leo zimo katika kompyuta nyingi. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu kifurushi cha miaka 20 iliyopita unaweza kukifungua leo na kukisoma, hata kama mashine iliyokusudiwa ilishakufa.

Mwaka 1999, toleo la 2.1 la Debian lilikuja na apt, chombo kilichobadilisha maisha ya watu. Badala ya wewe kutafuta kila kifurushi kwa mkono, unataja jina tu. Chombo kinaenda kwenye ghala la mtandaoni, kinaleta kifurushi pamoja na jamaa zake wote, kinavipanga. Na kwa desturi ya apt-get, kila kilicholetwa kiliachiwa nakala katika folda ya /var/cache/apt/archives, hadi mwenye mashine aamue kufagia. Yaani mfumo wenyewe ulikuwa na tabia ya bibi mwenye jiko zuri: akipika, anaweka kidogo pembeni.

Linux inaingia mfukoni

Novemba 2005 Nokia ya Finland ilitoa kifaa kiitwacho 770. Hakikuwa simu, kilikuwa kibao cha intaneti, na ndani yake kulikuwa na Maemo, mfumo uliojengwa juu ya Debian. Wakafuata N800 na N810 mwaka 2007. Kisha, mwishoni mwa 2009, ikaja N900, na hii sasa ilikuwa simu kamili: kibodi ya kuvuta, skrini ya kugusa, GB 32 za kuhifadhia. Ilikuwa nzito kama kipande cha sabuni ya kufulia. Ndani yake kulikuwa na dirisha la kuandikia amri, na amri zilikuwa zilezile za Debian.

Wengi wetu wakati huo tulikuwa na mulika mwizi, au Nokia nyingine ya Symbian kama tumejikaza. N900 ilikuwa kitu cha kusikia. Lakini kwa waliokuwa nayo, programu zilitoka sehemu mbili. Kulikuwa na duka la Nokia lenyewe, lililoitwa Ovi. Na kulikuwa na maghala ya jamii ya maemo.org, ambako watu wa kujitolea walipanga programu zao kwa ngazi: ghala la majaribio makali, ghala la kupimwa, na ghala la zilizopita mtihani. Ili kifurushi kipande ngazi, watumiaji walikijaribu na kukipigia kura. Ilikuwa kama baraza la kijiji, makelele mengi lakini kazi inafanyika.

Shida ilikuwa nafasi. Ingawa N900 ilikuwa na GB 32, sehemu ya ndani ya mfumo wenyewe ilikuwa na MB 256 pekee. Ikijaa, simu inaanza kuugua. Kwa hivyo vifurushi vilihamishiwa sehemu kubwa, na nakala zilizobaki za apt ndizo za kwanza kufagiwa mtu akitaka pumzi. Hakuna aliyeona ubaya. Ghala la mtandaoni lipo, si utapakua tena ukihitaji?

Jukwaa linalowaka

Februari 2011 mkuu mpya wa Nokia, Stephen Elop, aliwaandikia wafanyakazi waraka uliovuja haraka. Aliifananisha kampuni na mtu aliyesimama juu ya jukwaa la mafuta linaloungua katikati ya bahari, ambaye hana budi kuruka majini. Siku chache baadaye, tarehe 11, akatangaza wataruka wapi: Windows Phone ya Microsoft. Symbian ikahukumiwa, na mrithi wa Maemo, aliyeitwa MeeGo, akahukumiwa kabla hajazaliwa vizuri. Juni mwaka huohuo Nokia ilionyesha N9, simu nzuri sana, ya kwanza na ya mwisho ya ukoo wake. Watu waliisifu kama tunavyomsifu marehemu kwenye matanga.

Baadhi ya waliotoka Nokia walianzisha kampuni ndogo, wakaiita Jolla. Kwa Kifini neno hilo ni mashua ndogo, ile inayoshushwa majini kutoka chombo kikubwa. Aliyechagua jina alijua kucheka huku akilia.

Kilichofuata kwa wenye simu hakikuwa mlipuko bali taa kuzimwa moja baada ya nyingine. Nokia iliacha kuigharamia maemo.org, na jamii ikabidi ijipange kubeba seva zake. Oktoba 2013 Nokia iliwaambia waundaji programu kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2014 duka lake halitapokea tena programu mpya wala masasisho ya Symbian na MeeGo. Aprili 2014 Microsoft ikakamilisha ununuzi wa kitengo cha simu. Mwaka 2015 duka la Nokia lenyewe likafungwa na wateja wakaelekezwa kwa duka la Opera.

Hapo ndipo utamaduni ninaouzungumzia ulipokomaa. Watu walianza kuweka akiba kwa haraka, kila mmoja kwa njia yake. Wa kwanza walimwamuru apt apakue vifurushi bila kuvisakinisha, wakavihamisha hadi kwenye kompyuta. Wa pili walikuwa wamechelewa: programu imo ndani ya simu lakini kifurushi chake kilifagiwa zamani. Hawa walitumia dpkg-repack, chombo kinachozikusanya faili za programu iliyokwisha kusakinishwa na kuzifunga upya kuwa deb. Wa tatu, wenye intaneti ya nguvu na diski kubwa, walinakili maghala mazima. Ni kwa sababu ya watu wa namna hiyo kwamba N900 bado inaweza kufufuliwa leo na kupewa programu.

Faili nne za mjomba

Mjomba wangu alikuwa fundi wa kompyuta Mombasa. N900 yake alitumiwa na rafiki aliyekuwa akifanya kazi Dubai, ikiwa tayari imetumika. Aliipenda kupita kiasi. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa akizunguka kwa wazee wa ukoo akiwauliza nasaba, vizazi sita, na kila mzee alizikwa wapi, maana makaburi yetu mengi hayana jiwe wala jina. Yote aliyaandika kwa programu ndogo ya daftari ambayo muundaji wake hakuwahi kuifikisha ghala la jamii. Aliiweka kwenye ukurasa wake mwenyewe, kisha ukurasa ukatoweka.

Mjomba alipofariki, simu ilikaa kabatini. Tulipoitoa, kitundu cha chaji kilikuwa kimeng'oka, ugonjwa unaojulikana wa N900. Betri haikuwa tatizo, kwa sababu ni BL-5J, ileile ya Nokia nyingine nyingi, unaipata kibanda chochote. Lakini fundi hakuweza kuiamsha simu. Nikatafuta N900 nyingine, nikaipata Nairobi, Luthuli, kwa muuzaji aliyeniangalia kama nimemwomba gari la ng'ombe. Ilikuwa imefutwa kabisa, haina hata kitu kimoja.

"Hebu angalia, mwanangu," mama aliniambia, akinipa kadi ya kumbukumbu iliyotolewa kwa ile ya zamani, "kama maneno ya ndugu yangu yako humo."

Maneno yalikuwemo, lakini yalikuwa faili moja ya takataka machoni pa kompyuta yangu. Kando yake kulikuwa na folda inayoitwa AKIBA, na ndani yake deb nne. Moja ilikuwa programu ya daftari. Mbili zilikuwa maktaba inazozitegemea. Ya nne ilikuwa rootsh, kifurushi kidogo kinachokupa mamlaka ya mwenye mashine ili uweze kusakinisha zile nyingine. Nikaanza na rootsh, nikaendelea na maktaba, nikamalizia na daftari. Haikuhitaji intaneti. Programu ikafunguka, na majina yakaja, na mahali: chini ya mkwaju, hatua ngapi kutoka kisimani. Mama alisoma polepole kwa sauti. Alipofika kwa bibi yake alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ni upande ule."

Nimeyasimulia haya kwa sababu ya hesabu yake. Faili tatu zingemwacha bibi wa mama bila mahali. Mjomba hakuweka akiba ya programu tu, aliweka na vyote vilivyohitajika ili isimame.

Pale akiba inapooza

Hapa ndipo methali inahitaji masharti yake. Nakala ya kifurushi inaweza kukaa miaka bila biti moja kubadilika na bado isifae kitu.

Sababu ya kwanza ni utegemezi. Programu ni kama mgeni anayekuja na jamaa zake: kumkaribisha peke yake ni kumtesa. Ndiyo maana fungu la maelezo ndani ya deb ni muhimu sawa na mzigo. Linakuambia nani wengine waitwe.

Sababu ya pili ni saini. Katika N9, Nokia iliweka ulinzi ulioitwa Aegis. Mfumo ulizingatia kifurushi kimetoka wapi, na mamlaka ya programu yalitegemea chimbuko hilo. Kifurushi kilekile, kikitoka dukani, kinaruhusiwa mambo ambayo kikitoka mkononi mwako kinaweza kunyimwa. Kwa usalama, ni busara. Kwa mtunza akiba, ni mlango wa pili uliofungwa kwa ndani na mtu aliyehama.

Sababu ya tatu ni seva. Programu inayoongea na mashine ya mbali haiwi hai kwa sababu tu umeitunza. Mnakumbuka WhatsApp ilivyoacha kufanya kazi kwenye Symbian katikati ya 2017. Mtu angeweza kuwa na kifurushi chake salama kabisa, lakini upande wa pili wa simu hapakuwa na wa kuitikia.

Kwa hivyo zinazofaa zaidi kuwekewa akiba ni zile zinazojitegemea: daftari, kamusi, kisoma vitabu, mchezo wa peke yako.

Sisi na kubluetuthiana

Msiniambie hii ni historia ya Wafini tu. Mapema 2011 Safaricom ilianza kuuza IDEOS ya Huawei kwa takriban shilingi 8,000, na Android ikaacha kuwa simu ya wakubwa. Android nayo imesimama juu ya kiini cha Linux, ingawa vifurushi vyake ni vya ukoo mwingine, APK, ambavyo kwa kweli ni faili za zip zenye mpangilio maalum.

Bando zilikuwa ghali, kwa hivyo tukafanya tulilojua. Mwenye programu anamrushia asiye nayo. Kwanza Bluetooth, dakika kumi simu mbili zimelala pamoja kama mapacha. Kisha Xender na SHAREit. Fundi wa kibandani alikuwa na folda nzima kwenye kompyuta yake, nyimbo upande huu, APK upande ule, anakujazia kadi kwa pesa kidogo. Hakuna aliyemwita mhifadhi wa kumbukumbu. Lakini Februari 2014, Dong Nguyen wa Vietnam alipouondoa mchezo wake wa Flappy Bird madukani, huko ng'ambo watu walianza kutangaza simu zenye mchezo huo kwa bei za kichaa. Mwenye APK hakuwa na haja ya kununua simu ya mtu. Aliirusha tu kwa jirani.

Njia hiyo ilikuwa na uchafu wake, tusijidanganye. APK ya mkononi inaweza kuwa imefunguliwa, ikatiwa mwizi ndani, ikafungwa tena. Debian ililiona tatizo hili mapema: kila kifurushi ghalani kina alama yake ya utambulisho iliyokokotolewa kutoka kwa yaliyomo, na orodha ya alama hizo imetiwa saini. Ukibadilisha herufi moja, alama hailingani. F-Droid, ghala la programu huria za Android lililoanza 2010, nalo lilifuata desturi ya aina hiyo, na lina sehemu ya kuweka matoleo ya zamani.

Tangu hapo njia imezidi kuwa nyembamba. Kuanzia Agosti 2021 Google ilitaka programu mpya dukani mwake ziwasilishwe kwa muundo ambao duka lenyewe linakata vipande kulingana na simu yako. Ukinakili programu kutoka simu yako, mara nyingi unapata vipande vinavyoifaa simu hiyo, si kifurushi kizima. Na Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba, kuanzia Septemba 2026 katika nchi nne, Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kwingine kuanzia 2027, simu za Android zilizoidhinishwa zitadai muundaji wa programu awe amejitambulisha kwake, hata kama programu haitoki dukani. Baadaye ilisema watumiaji wazoefu watawekewa njia ya kupita. Sababu wanayotoa ni matapeli, na matapeli wapo. Lakini muundaji aliyefariki au aliyeacha kazi miaka 10 iliyopita hatakwenda kujiandikisha popote.

Wanakili wa zamani

Muyaka wa Mwinyi Haji, mshairi wa Mombasa, alifariki 1840. Mashairi yake hayakuwa kwenye kitabu, yalikuwa vinywani. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua, naye wa Mombasa, aliyakusanya na kuyaandika, na kwa msaada wake mmisionari William Taylor akayawekea maelezo. Makaratasi ya Taylor yakafika London, na mwaka 1940 Hichens akatoa Diwani ya Muyaka, miaka 100 kamili baada ya kifo cha mtunzi.

Maelezo yale ndiyo ninayotaka uyaone. Mashairi ya Muyaka yamejaa majina, ugomvi na mafumbo ya mji wake. Shairi bila maelezo hayo lingetufikia kama deb bila maktaba zake, yaani zima lakini halifunguki. Sikujua alihifadhi na vitegemezi.

Sheria haiko kinyume na kazi hii kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamruhusu mtu aliye na programu kihalali kutengeneza nakala ya akiba. Programu huria zinakwenda mbali zaidi: leseni zake zinakupa haki ya kunakili na kugawa. Kuisambaza programu ya kulipia ya mtu ni jambo jingine, na hilo silitetei.

Kwa hivyo nikiulizwa nifanyeje, jibu langu ni la kighala. Chagua programu zinazobeba maandishi yako. Weka kifurushi chake, na vifurushi inavyovitegemea, na alama yake ya utambulisho. Andika kwa Kiswahili cha kawaida, kwenye faili ya maandishi matupu, ilikuwa ya simu gani na ilisakinishwa kwa mpangilio gani. Ukiweza, toa maandishi yako pia kwa muundo ambao hauhitaji programu yoyote maalum. Weka mahali pawili, kimoja nje ya nyumba yako. Kisha mwambie mtu. Folda isiyojulikana na mtu haina tofauti na iliyofutwa.

Fukusi wa akiba hii ni ile imani kwamba ghala la mtu mwingine litabaki wazi daima. Nokia ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani kwa simu, na duka lake lilifungwa.